Rangi Hutoka Mgongoni

1. Fumbo la vifaranga

Kuku akilalia mayai yake vema, siku ya 21 vifaranga hutoka. Mtoto aliyepewa kazi ya kuwatunza huwatazama kwa furaha. Mmoja ni mweusi, wa pili ni wa manjano, wa tatu ana mistari ya kahawia mgongoni, na wa nne ana madoadoa. Lakini ukivunja yai bichi, huoni weusi wala ukahawia ndani yake. Waona ute mweupe na kiini cha manjano, basi. Je, weusi wa yule kifaranga umetoka wapi? Na jinsi gani umefika mahali pake barabara, huku mgongoni, huku bawani, huku kichwani?

Watu wengi wakiulizwa swali hili hujibu ya kuwa rangi hutokea pale pale inapoonekana: rangi ya bawa hutokea bawani, na rangi ya mguu hutokea mguuni. Jibu hili lapendeza kusikia, lakini si kweli. Chembe zinazotia rangi katika ngozi na manyoya huanzia mgongoni, kisha husafiri mpaka kila upande wa mwili. Leo tutajifunza habari za safari hiyo. Nayo si habari ya kuku tu. Ni habari ya samaki, chura, ng'ombe, paka, na sisi wanadamu pia.

2. Chembe za rangi

Mwili wa kila mnyama umejengwa kwa vitu vidogo sana viitwavyo chembe hai, au seli, kama vile nyumba ijengwavyo kwa matofali. Hatuwezi kuziona kwa macho matupu. Yatupasa kutumia hadubini, yaani chombo cha kukuzia vitu vidogo. Chembe hizi zina kazi mbalimbali. Chembe za misuli huvuta. Chembe za neva hupeleka habari. Chembe nyekundu za damu huchukua hewa.

Baadhi ya chembe zina kazi ya kutengeneza rangi. Rangi yenyewe huitwa melanini, nayo ni nyeusi au kahawia, au pengine ya wekundu na manjano. Chembe ya rangi ina umbo la ajabu: mwili wake ni mdogo, lakini ina mikono mingi mirefu kama mizizi ya mti. Hutengeneza melanini na kuifunga katika vifuko vidogo, kisha huipitisha katika mikono yake na kuwagawia jirani zake. Katika ngozi ya mwanadamu, chembe moja ya rangi huhudumia chembe nyingine zipatazo 30 hadi 40. Basi chembe za rangi ni chache, lakini kazi yake huonekana mwili mzima.

3. Mfereji wa mgongoni

Sasa tutazame yai lililolaliwa siku 2. Juu ya kiini cha manjano yuko kifaranga anayeanza kuumbwa. Kiumbe wa namna hii, ambaye hajazaliwa wala hajaanguliwa, wataalamu humwita kiinitete. Urefu wake ni kama punje ya mchele, wala hafanani na kuku bado. Lakini kazi kubwa imekwisha kuanza.

Ili upate kuifahamu kazi hiyo, twaa kipande cha jani bichi la mgomba, urefu wa kidole, ukilaze mezani. Inua kingo zake mbili polepole. Utaona mfereji katikati. Zidi kuziinua mpaka zikutane juu. Sasa umepata bomba. Hivi ndivyo inavyotendeka mgongoni mwa kiinitete. Kwanza huwapo utando ulio bapa. Kisha kingo zake huinuka, huwa mfereji, hukutana na kushikamana, na kuwa bomba. Upande wa mbele bomba hilo litakuwa ubongo. Upande wa nyuma litakuwa uti wa neva upitao ndani ya mifupa ya mgongo.

Tazama tena jani lako, mahali pale kingo mbili zilipokutana. Hapo ndipo penye habari yetu. Chembe zilizo katika mshono ule, juu ya bomba, hazikai na bomba wala hazikai na ngozi. Huachana na wenzake na kuondoka. Kwa kuwa zimekaa juu ya bomba kama shungi juu ya kichwa cha ndege, wataalamu wa Ulaya wameziita kwa jina lenye maana hiyo. Nasi katika somo hili tutaziita chembe za kishungi.

4. Safari

Chembe za kishungi haziendi zote njia moja. Katika kiwiliwili cha kifaranga, zile zinazotangulia hushika njia ya ndani, huteremka kando ya bomba, na nyingi kati yake huwa chembe za neva. Nyingine hufika mpaka karibu na figo na kuwa sehemu ya tezi iliyo juu yake. Zile za kichwani hutengeneza hata sehemu ya mifupa ya uso. Hayo ni mambo makubwa, na kila moja lingehitaji somo lake.

Chembe zitakazokuwa za rangi huondoka baadaye, yapata siku moja nyuma ya zile za kwanza. Nazo hushika njia ya juu, chini tu ya ngozi. Kama watu washukao mlimani pande mbili, baadhi huteremka upande wa kuume na baadhi upande wa kushoto, zikitoka mgongoni kuelekea mbavuni, kisha tumboni na miguuni. Zikiwa njiani hazina rangi bado, hata mtu akitazama hawezi kuzitambua upesi. Tena huzaana njiani: moja hugawanyika kuwa mbili, na mbili kuwa nne, maana eneo la kujaza ni kubwa, na kila siku kiinitete chazidi kukua.

Kisha huingia ndani ya ngozi. Manyoya yanapoanza kuchipuka, mwishoni mwa wiki ya kwanza, chembe za rangi zimekwisha kufika. Huingia katika kila chipukizi la unyoya, na katika wiki ya pili huanza kazi yake ya kutengeneza melanini. Ndipo weusi unapoonekana.

Wataalamu wamegundua njia nyingine pia. Mwaka 2009 ilijulikana ya kuwa baadhi ya chembe za rangi huja kwa kufuata nyuzi za neva mpaka ngozini, kama msafiri afuataye reli. Lakini hizo nazo ni uzao wa kishungi kile kile.

Iko rangi moja tu isiyofuata kawaida hii. Nyuma ya jicho, kwa ndani, uko utando mweusi. Chembe za utando huo hazitoki katika kishungi. Hutoka katika ubongo wenyewe, kwa maana jicho huanza kama tawi la ubongo.

5. Watu walijuaje?

Labda mwanafunzi atauliza, "Vitu hivi ni vidogo mno, tena vimo ndani ya yai. Ni nani aliyeona safari hiyo?" Swali hili ni jema. Asiamini mtu jambo kwa sababu limeandikwa tu, bali atake kujua lilivyopimwa.

Mwaka 1868 mwalimu mmoja wa Uswisi, Wilhelm His, alichunguza viinitete vya kuku kwa hadubini, akaona chembe zile zilizo kati ya bomba na ngozi. Alieleza ya kuwa kutoka huko hupatikana chembe za neva. Juu ya rangi, jambo lilikuwa halijajulikana bado.

Mwaka 1935 Graham DuShane, Mmarekani, alichunguza salamanda, mnyama wa jamii ya chura mwenye mkia. Alitwaa viinitete vichanga vya salamanda, akakata zile kingo za mfereji kabla chembe hazijaondoka. Viluwiluwi wakaendelea kukua, lakini mahali pale walikosa chembe za rangi. Ngozi ilikuwapo, nzima kabisa, rangi haikuwapo. Basi ikawa dhahiri ya kuwa ngozi haiwezi kujitengenezea chembe hizo.

Mwaka 1940 Wamarekani wengine wawili, Benjamin Willier na Mary Rawles, walieleza majaribio yao ya kuku. Walichukua chembe za rangi kutoka kiinitete cha kuku wa rangi, wakazipandikiza katika chipukizi la bawa la kiinitete cha kuku mweupe. Kifaranga alipotoka alikuwa mweupe, lakini bawa lake lilikuwa na manyoya ya rangi, tena ya namna ya yule kuku mwingine! Unyoya ulikuwa wa mweupe. Rangi ilikuwa ya mgeni.

Lakini mtu aliyetufanya tuione safari yenyewe kwa uwazi ni Bibi Nicole Le Douarin wa Ufaransa. Mwaka 1969 aligundua ya kuwa chembe za kware wa Kijapani, ndege mdogo wa jamii ya kuku, zina alama katika kiini chake ambayo chembe za kuku hazina. Akafikiri hivi: nikipandikiza chembe za kware ndani ya kiinitete cha kuku, nitaweza kuzitambua po pote ziendapo, kama ng'ombe aliyetiwa chapa atambulikanavyo katikati ya kundi la watu wengine. Akaondoa kipande kidogo cha bomba la mgongoni katika kiinitete cha kuku mweupe, akatia kipande cha kware mahali pake, akaziba yai. Chembe za kware ziliondoka, zikasafiri, zikafika ngozini. Na yule kifaranga mweupe alipoanguliwa alikuwa na mkanda wa manyoya meusi yenye rangi ya kware, umezunguka mwili wake mahali pale tu palipopandikizwa.

6. Samaki, chura na kinyonga

Ndege na wanyama wanyonyeshao wana chembe za rangi za namna moja tu, zile za melanini. Lakini samaki, vyura na mijusi wana zaidi. Wana chembe nyeusi. Wana chembe za manjano na nyekundu. Tena wana chembe zisizo na wino wo wote, bali zimejaa fuwele nyembamba zinazorudisha nuru kama vioo vidogo. Hizo zote ni watoto wa kishungi cha mgongoni.

Ukimwona chura wa kijani, usidhani ana wino wa kijani. Kwa kawaida vioo vyake hurudisha nuru ya buluu, na nuru hiyo hupita katika chembe za manjano zilizo juu yake. Buluu na manjano zikichanganyika, jicho letu huona kijani. Kinyonga naye ana chembe za namna hizo. Anapobadili rangi yake hatengenezi wino mpya kila mara. Husogeza tu vitu vilivyomo ndani ya chembe zake.

7. Safari isipotimia

Je, umepata kuona ng'ombe mweusi mwenye tumbo jeupe na baka jeupe usoni? Au mbwa mwenye miguu myeupe na ncha ya mkia nyeupe? Sasa waweza kueleza sababu. Tumbo, miguu, ncha ya mkia na paji la uso ni mahali palipo mbali na mwanzo wa safari, au mahali ambapo wasafiri hufika wachache. Chembe zisipotosha, sehemu hizo hubaki bila rangi.

Zamani wataalamu walidhani ya kuwa chembe za wanyama hao hutembea polepole mno. Lakini mwaka 2016 wataalamu wa Uingereza waliochunguza panya wenye mabaka walionyesha ya kuwa mwendo wake si wa polepole. Kasoro ni kwamba hazizaani vya kutosha njiani. Wasafiri ni wachache kuliko nchi ya kujaza.

Tena rangi si pambo tu. Chembe hizi hufika hata ndani ya sikio, na huko zina kazi ya kusaidia kusikia. Kwa hiyo paka mweupe kabisa mwenye macho ya buluu mara nyingi ni kiziwi: chembe zake hazikufika sikioni.

8. Rangi ya wanadamu

Mwanadamu naye aliumbika tumboni mwa mama yake kwa njia hii hii. Alikuwa na utando, kisha mfereji, kisha bomba. Na chembe za kishungi zikaondoka mgongoni mwake. Kabla ya mwezi wa tatu wa mimba kwisha, chembe za rangi zimekwisha kufika ngozini. Lakini kazi yake haijatimia. Ndiyo sababu mtoto mchanga wa wazazi weusi huzaliwa akiwa mweupe kidogo kuliko atakavyokuwa, kisha huzidi kukolea siku baada ya siku.

Sasa sikilizeni jambo la kustaajabisha. Mtu akihesabu chembe za rangi katika kipande cha ngozi ya mkono wa Mwafrika, na katika kipande cha mahali pale pale cha Mzungu, au cha Mchina, ataona hesabu karibu sawa. Tofauti haimo katika idadi ya chembe. Tofauti imo katika kazi yake: vifuko vya melanini ni vingi au vichache, ni vikubwa au vidogo, ni vya weusi au vya wekundu. Watu wote wamepewa wafanyakazi sawasawa. Kazi yao tu ndiyo ipitanayo kidogo. Melanini ni mwavuli wa kuikinga ngozi na ukali wa jua, wala si kipimo cha akili au cha moyo.

9. Mwenye ualbino

Katika Tanzania yakadiriwa ya kuwa mtu 1 katika kila watu 1,400 hivi ana ualbino: ngozi yake na nywele zake hazina weusi, na macho yake huumizwa na nuru. Yapasa tuulize swali tulilouliza juu ya ng'ombe wa mabaka: je, chembe zake hazikufika?

La. Zilifika. Safari ilitimia vizuri, nazo zimo katika ngozi yake kama zilivyo katika ngozi yako. Ndiyo sababu husikia vizuri kama watu wengine. Kasoro ni moja tu: chembe zake haziwezi kutengeneza melanini ya kutosha, kwa sababu maagizo ya kazi hiyo, yaitwayo jeni, yana kosa. Ni kama fundi aliyefika kazini mapema, na vyombo vyake anavyo, lakini karatasi aliyopewa imeandikwa vibaya.

Kosa hilo hurithiwa kwa baba na kwa mama, wote wawili. Kila mtu ana nakala mbili za maagizo, moja ya baba na moja ya mama. Mwenye nakala moja nzima na moja yenye kosa ana rangi kama wengine, wala hajui ya kuwa amebeba kosa. Wawili wa namna hiyo wakioana, kila mtoto wao ana bahati 1 katika 4 ya kupata nakala zote mbili zenye kosa. Basi mtoto mwenye ualbino akizaliwa, mama hana hatia, wala hakuna laana, wala mzimu, wala uchawi.

Maneno haya si madogo. Mwaka 2007 na miaka iliyofuata, katika Tanzania na nchi za jirani, watu wengi wenye ualbino, na watoto miongoni mwao, waliuawa au kukatwa viungo, kwa sababu waganga wadanganyifu walisema viungo hivyo huleta utajiri. Huo ulikuwa uongo ulioua watu. Mfupa wa mwenye ualbino ni mfupa kama wako. Damu yake ni damu kama yako. Kinachopungua ni melanini tu. Kwa sababu ya maovu kama hayo, tangu mwaka 2015 tarehe 13 Juni imekuwa siku ya kuwakumbuka watu wenye ualbino katika dunia nzima.

Ikiwa darasani mwenu yuko mwenzenu wa namna hiyo, mwiteni kwa jina lake, wala msimwite kwa majina ya dhihaka. Mwachieni nafasi ya mbele karibu na ubao, kwa maana melanini hulisaidia jicho kukua vema, na jicho lililoikosa halioni mbali. Mchezoni, mpeni kivuli. Wala msimcheke kwa kofia yake pana na mikono mirefu ya shati lake, maana ndiyo mwavuli wake, naye asipojikinga na jua aweza kupata saratani ya ngozi.

Mtakapomtazama tena kifaranga mweusi akitoka katika yai, kumbukeni safari ile. Yeye, na ng'ombe wa mabaka, na kinyonga, na mwenzenu mwenye ualbino, na ninyi wenyewe, wote mlianza na mfereji mdogo mgongoni, na chembe chache zilizoondoka kwenda mbali.

Maswali

1. Bomba lililo mgongoni mwa kiinitete hupatikanaje? Onyesha kwa jani la mgomba.
2. Chembe za rangi hushika njia gani kutoka mgongoni? Wenzake waliotangulia hushika njia gani?
3. Kwa nini jaribio la mwaka 1935 laonyesha ya kuwa ngozi haijitengenezei chembe za rangi?
4. Bibi Le Douarin aliwezaje kuzitambua chembe za kware ndani ya mwili wa kuku?
5. Paka mweupe mwenye macho ya buluu mara nyingi ni kiziwi, lakini mtu mwenye ualbino husikia vizuri. Eleza sababu ya tofauti hii.
6. Mtu akikuambia ya kuwa mtoto mwenye ualbino ni laana, utamjibuje? Andika jibu lako kwa maneno yako mwenyewe.